Jina la Dereva

Chake Chake,
Jumatano, 19 Shaabani

Kwa Mama yangu mkwe, Bi Mwanabaraka,
Micheweni.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo, Mama. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako, miwani machoni, na mguu wako wa kulia umetulia, maana mkweo Bakar ameniambia kuwa tangu mvua za mwaka huu unakusumbua. Nakuuliza hali yako, hali ya binti yako Mwanakhamis, na hali ya mjukuu wako Masika, ambaye naambiwa siku hizi anawagombeza kuku wa jirani kwa majina yao. Mimi huku ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Chumba nilichopanga ni kile kile, na mwenye nyumba bado anafuga njiwa juu ya kichwa changu.

Utaona nimekuandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, badala ya zile za skuli. Najua hati yangu itakuchekesha, mwenyewe ulishaniambia herufi zangu zinatembea kama kaa. Lakini nimetaka uisome peke yako. Ikibidi uirudie mara tatu, irudie, ila tafadhali usimwite mtu akusomee.

Salamu zako alizokuja nazo Bakar nimezipata, na lawama zilizofuata nimezipata pia. Alinambia umesema kuwa gari ni gari, zote zina magurudumu manne, vipi basi hii aliyoinunua yeye itozwe bima karibu mara mbili ya gari ya jirani yake. Tena ukauliza kama ni kwa sababu karani wa bima ni mtu wa nyumbani ndio watu wa nyumbani wanakamuliwa. Nilicheka mbele ya mteja, Mama. Kisha siku nzima sikucheka tena.

Swali lako ni la haki na nitalijibu. Gari ya Bakar ni aina ile ile aliyokuwa nayo marehemu Msellem, mwanao na mume wangu, ile waliyoipa watu jina la Mabega kwa vile mbele ni nyembamba na nyuma imetanuka. Ofisini kwetu upo waraka mrefu uliotoka Dar es Salaam, wenye aina zote za gari na kiwango cha kila moja. Siku za mwanzo nilimwuliza Mzee Abrahman, wakala wetu, nani aliyevitunga viwango vile, akanambia havikutungwa, vimehesabiwa. Kila gari inayovunjika, inayopinduka au inayoibiwa huandikwa, na aina inayoitoa kampuni pesa mara nyingi ndiyo hutozwa zaidi. Anayekuja nyuma analipia waliomtangulia.

Mabega nayo ina tabia zake. Taa yake ya mbele ni pana kama sinia, na ikivunjika huipati Pemba wala Unguja. Huagizwa Dar, ivuke bahari mara mbili, ishuke Mkoani, na mara nyingine hushuka vipande. Fundi anayejua kuinyoosha bodi yake yuko mmoja tu, Wete, naye anajua kuwa yuko mmoja tu. Halafu ni ndefu kwenda juu, basi ikiteleza haisiti, inalala. Upo pia mstari wa wizi. Huko bara, naambiwa, wezi wanaipenda gari hii kuliko chakula. Nikamwambia Mzee Abrahman, huku Pemba mwizi ataipeleka wapi? Ataendesha mpaka barabara imwishie, ageuze, arudi apite mbele ya watu wale wale waliokwisha kumwona, ama aende Mkoani akapange foleni ya meli pamoja na mwenyewe. Mzee alicheka mpaka akavua miwani, lakini kiwango hakikushuka. Mimi nilirudi mezani kwangu nikaufunika ule waraka, na sababu yake utaiona mbele.

Hayo ni ya Dar, lakini lipo na la hapa kwetu. Kwenye waraka wa Chake Chake, pembeni ya jina la Mabega, pana nyongeza iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Mabega zilizokuwa na bima kwetu zilikuwa tisa tu, na mbili katika hizo zikaharibika mwaka mmoja. Dar mbili hazionekani ndani ya maelfu. Kwetu mbili katika tisa zilimtoa jasho Mzee Abrahman. Moja ilikuwa ya mfanyabiashara wa Mkoani, iliparamia ukuta. Ya pili ni yetu, ile iliyopinduka njia ya Ngezi. Basi ukitaka jibu fupi la kumpa Bakar, mwambie sehemu ya anayolipa ni gari ya shemegi yake marehemu.

Lakini mimi sikukaa kuandika kurasa zote hizi kwa ajili ya jibu la Bakar. Jumatatu hakuja peke yake, alikuja na Hija. Najua mwaka wa tatu huu jina la mwanao huyo hulitaki mbele yako, na salamu yake huipokei, lakini nivumilie. Bakar ana duka lake, hawezi kukaa barabarani, akataka Hija ndiye awe dereva wa gari ile. Alinambia anajua utakasirika, ila dereva mwenye mkono mwepesi kama Hija hamjui. Hija alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Mikono yake imechanika kwa kokoto anazovunja, na shati limemzidi. Mtu aliyekuwa akiendesha gari za abiria Konde mpaka Chake bila ya kumwaga chai ya mtu, sasa anapasua mawe kwa nyundo.

Fomu yetu ina swali la tisa, kama dereva amewahi kupata ajali. Kazi yangu ni kuliuliza na kuliandika jibu. Nililiuliza. Jibu la ndiyo, kwa aina ile ya gari, ofisi yetu haimkubali dereva, na mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kalamu ikanisimama juu ya karatasi. Bakar alikuwa akitazama nje. Hija akanambia taratibu, "Andika, shemegi. Faili si liko nyuma yako?"

Nikaandika ndiyo. Faili hilo kweli liko nyuma yangu, droo ya pili, na nimelipa mgongo kila siku ya kazi kwa miaka miwili. Ndani yake pana mstari unaosema jina la dereva wakati wa ajali, na mbele ya mstari ule limeandikwa jina la Hija. Jina lile si la kweli, Mama. Aliyekuwa akiendesha ni mimi.

Vuta pumzi kwanza, uwe nami mpaka mwisho. Unaikumbuka siku aliyozaliwa Masika, mvua ilivyokuwa ikipiga. Nilikuwa Konde, ndani ya eda, siku ya sabini na moja, nikizihesabu. Wewe ulikuwa ukikaa na mimi, Mungu akulipe, ukaitwa Micheweni kwa uchungu wa Mwanakhamis, ukaondoka asubuhi ukaniambia jirani atakuja kulala nami. Nyumba ikabaki kimya. Dirisha la chumba changu lilikuwa linatazama pale Msellem alipoiacha gari yake, na ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini alipoutundika yeye. Siku sabini na moja niliamka nikaiona gari ile, nikalala nikaiona. Watu walikuja wakanambia nisubiri, nami nikasubiri, mpaka kuta zile nikawa nazijua kwa kila tone la chokaa.

Laiti ningekuwa na sababu ya maana, ningekwambia zamani. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, wala sikuitwa na mtu. Nilitoka kwa sababu nilishindwa kukaa, basi. Msellem alinifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, kwa siri, maana tuliona hutapenda. Leseni sikuwa nayo. Baada ya adhuhuri nikavaa kanzu yake, nikavaa na kofia yake, ile uliyomshonea mwenyewe kwa mkono miezi minne, ili atakayeniona aone mwanamme. Nikapita msitu wa Ngezi, nikapita Makangale, nikaenda mpaka barabara ikaniishia. Sikushuka. Nilikaa ndani ya gari nikaona hakuna pa kwenda zaidi, nikalia kidogo, nikageuza. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, ikateleza ikalala mtaroni. Mimi nilipata kuumia kiganja tu. Kofia iliniruka, sikuitafuta.

Nilirudi kwa miguu, nikipita nyuma ya mashamba. Hija alikuwa amekaa barazani na tungo la samaki alilokuletea, hajui kuwa umeondoka. Aliniona natokea uani, kanzu ya nduguye imejaa matope. Hakunigombeza wala hakuniuliza nilikuwa nafanya nini. Aliuliza gari iko wapi tu, na kama kuna mtu niliyemwumiza. Nilipomjibu hakuna, akasimama. "Weye rudi ndani ukoge," alinambia. "Mwanamke wa eda hatoki. Mie ni mwanamme, watanisema siku tatu wachoke." Akaenda kwa miguu mpaka pale mtaroni, akakaa kando ya gari mpaka trafiki walipofika, akawaambia ni yeye.

Hawakuchoka kwa siku tatu, na wewe hukuchoka mpaka leo. Bi Mwanawema wa Makangale alikwambia alimwona mwanamme amevaa kofia ya Msellem anapita na gari, na trafiki wakakuletea kofia yenyewe imejaa tope. Ukamwita Hija. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa, nikakusikia ukimwambia, "Kaburi la nduguyo halijakauka, ushavaa kofia yake." Ukamwambia ana haraka ya mirathi, na pengine ana haraka ya mke pia. Nilimsubiri ajitetee. Alinyamaza. Nilikuwa na hatua nne tu mpaka mlangoni, Mama, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile, na sikuzipiga.

Nilijiambia nitasema eda ikiisha. Ikaisha, na kampuni ikawa imelipa, na pesa zile zimeshaezeka nyumba yako. Ingejulikana kuwa gari iliendeshwa na mtu asiye na leseni, wasingetoa hata shilingi. Nikaona nikisema, bati zinashuka juu ya kichwa chako. Kisha Mzee Abrahman, kwa kuniona nikienda ofisini kufuatilia yale madai, akaipenda hati yangu ya skuli akanipa kazi, nami nikafurahi kama mjinga, sikujua kuwa nimepewa kiti cha kulilinda faili langu mwenyewe. Eda ya wenzangu ni miezi minne na siku kumi. Yangu imeingia mwaka wa tatu.

Kama una shaka na haya, fungua sanduku ulimoiweka kofia ile. Ndani ya ukingo wake, nyuma, utakuta pini ya nywele, bila shaka imeshika kutu. Ni yangu. Kichwa cha Msellem kilikuwa kikubwa kuliko changu, ikanibidi niibane.

Nimeandika barua mbili. Ya pili ni ya herufi za skuli, ni ya Mzee Abrahman, na Jumamosi asubuhi nitaiweka mezani kwake kabla hajafungua dirisha. Watanifukuza, na zile pesa watanidai mimi. Bati zako hazitaguswa, hilo niachie. Nimeitanguliza hii yako kwa sababu sikutaka ulisikie neno hili kwa mtu wa bima.

Radhi yangu mimi siiombi leo, nitakuja kuiomba mwenyewe, na ukinifungia mlango nitakaa barazani. Ninaloliomba ni la Hija. Ramadhani mbili zimepita nyumba yako inafuturu, naye anafuturu kwa tende tatu kando ya marundo ya kokoto, mwendo wa dakika tano kutoka kwako. Hii ya tatu inakuja, zimebaki siku kumi tu. Mtandikie mkeka, Mama. Hutahitaji kumwambia mengi, mwanao huyo si mtu wa maneno.

Nisalimie Mwanakhamis, umbusu Masika kwa niaba yangu. Bakar mpe mkono, ameibeba barua hii akidhani ndani mna hesabu ya bima yake, na kwa njia moja hakukosea. Hija sikumwandikia salamu, kwa kuwa zangu hazitamfaa kitu kabla ya zako.

Wassalaam. Ni mimi mkweo,

Kazija binti Pandu,
dereva.