Ukungu Kwenye Madirisha ya Ndege ya Uokoaji

Ijumaa, 6 Juni

Sijawahi kumwambia mtu hili, na hata hapa naliandika kwa herufi ndogo: kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, namwombea binamu yangu aondoke. Simwombei ugonjwa. Simwombei ajali. Aondoke tu — na godoro lake, na redio yake, na vidole vyake vinavyonuka thina ya kuyeyushia rangi.

Mama anasema huyu ni mtoto wa kaka yake, ni damu. Sawa. Lakini damu hukaa kwenye mishipa, haikai sebuleni miezi saba. Baba yake alimfukuza, akaja kwetu kwa “wiki mbili”. Ni fundi rangi, anapuliza rangi magari kwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Analala sebuleni, godoro kando ya meza. Nilimbatiza Jenereta kwa sababu ya kukoroma. Mama alilisikia jina hilo akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanikataza kulitumia. Nalitumia humu.

Meza ni ya kulia chakula, ila upande wa dirishani ni wangu. Hapo ndipo ninapojenga ndege. Ndege ya uokoaji ya wakati wa vita, ya kutua majini: tumbo kama la mashua, bawa juu, maboya mawili chini ya bawa. Urefu wake haufiki mkono wangu. Mwalimu wa fizikia alinipa boksi lenye vipande vyote, nijenge kwa ajili ya maonyesho ya klabu ya sayansi Ijumaa ijayo. Ubavuni ina madirisha mawili yaliyovimba kama mapovu ya sabuni. Kitabu cha maktaba kinasema marubani walioanguka baharini walivutwa ndani kupitia hapo. Kwangu mimi hayo ndiyo roho ya ndege nzima. Nayafuta kwa kitambaa cha miwani.

Leo nimemaliza vitanda vya majeruhi. Mablanketi ni ya karatasi laini iliyolowekwa gundi, mikanda ya viti nimeikata kwenye karatasi ya peremende. Nilikuwa nimebana pumzi naweka mkanda wa mwisho, Jenereta akaja kusimama nyuma yangu akitafuna. Akataka kujua mbona haina magurudumu. Nikamweleza, kwa upole kabisa. Akaniita Profesa, kama kawaida yake, akasema kumbe ni mashua yenye majivuno.

Mama akacheka. Mama!


Jumamosi, 7 Juni

Jenereta amemaliza gundi yangu. Gundi ya plastiki, ile chupa yenye brashi ndogo. Ameibandikia kandambili, ambayo haikushika, kisha akaiacha wazi dirishani mpaka ikakauka kama kigaga. Nilipomwonyesha chupa akasema aah, kumbe ilikuwa yako. Ya nani mwingine? Ya rubani?

Nimemnunia tangu saa tatu asubuhi. Mpaka saa hizi hajagundua. Kumnunia mtu asiyegundua ni kazi ya bure, bora hata kufua.


Jumapili, 8 Juni

Nimefunga tumbo la ndege. Kwenye droo ya Baba kulikuwa na supagluu, nimetumia hiyo. Inashika haraka, lazima uwe umeshaamua. Nimepitisha nyingi ndani, mshono mzima, ili isije ikaachia mbele ya watu. Na madirisha yote mawili kwa hiyo hiyo. Yamekaa sawasawa! Ukichungulia unaona vitanda, redio, hata mto.

Nimeiweka ndani ya boksi la viatu, nikafunika na kuzungushia mpira wa nywele mara mbili. Kwa ajili ya vumbi. Na kwa ajili ya mtu fulani.


Jumatatu, 9 Juni

Madirisha yameharibika. Yote mawili.

Nimerudi shule, nikafungua boksi kabla ya kuvua viatu. Meupe. Meupe kama macho ya samaki aliyechemshwa. Nimefuta kwa kitambaa, nimefuta kwa mate, nimefuta kwa shati. Huoni kitanda, huoni chochote. Kazi ya wiki sita!

Nilipiga kelele, mimi ambaye darasani wananiambia niongeze sauti. Mama alitoka jikoni mbio akidhani nimeungua. Jenereta alikuwa ameketi kwenye godoro anakata kucha. Nikamwambia ameigusa kwa mikono yake ya thina. Akasema hajaigusa. Nikasema thina inaharibu plastiki, hata yeye anajua. Akaamka, akaichukua ndege — akaichukua kwa vidole vile vile! — akaigeuza kwenye mwanga, akasema thina inayeyusha. Ingekuwa thina tungeona alama za vidole. Hii haijayeyuka, imeshika ukungu.

Nikasema anajifanya bingwa.

Ndipo Baba akaingia. Akasikiliza wote, hakukaa. Halafu akaniuliza mimi peke yangu:

“Ulimwona?”

Nikasema, “Nilimwona jana jioni ameshika boksi.”

Sikumwona.

Lakini nani mwingine? Mama haigusi. Baba hata hajui iko wapi. Nimeongeza kipande kidogo tu kilichokuwa kinakosekana. Jenereta aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aje redio yake ilikuwa imezimwa.


Jumanne, 10 Juni

Baba amempigia simu mjomba. Jenereta anaondoka Jumamosi, basi la saa nne. Safari ya siku mbili. Karakana hawawezi kumshikia nafasi, tayari wamempata mwingine. Mama aliuliza kijana atarudi kwa mtu aliyemfukuza afanye nini. Baba akajibu kwamba mtu anayeharibu kazi ya mtoto ndani ya nyumba aliyopewa hifadhi hana shukrani, na ushahidi upo.

Ushahidi ni mimi.

Mama amemwekea Baba chakula mezani na kwenda kula jikoni. Sijawahi kuwaona wakila mbalimbali.

Ombi langu limekubaliwa, basi. Nilidhani nitalala fofofo.


Jumatano, 11 Juni

Nimepaka rangi maboya. Nimebandika stika, zile za kulowesha. Moja imekunjika.

Jenereta amenipita mlangoni bila salamu. Vizuri. Asubuhi sikuomba, sikuwa na la kuomba.


Alhamisi, 12 Juni

Nimeipeleka ndege shuleni mapema, nimwonyeshe mwalimu wa fizikia, nimuulize kama madirisha yanaweza kupatikana mengine. Nilikuwa nimejiandaa njiani. Ningemwambia nina ndugu mharibifu.

Mwalimu aliipeleka dirishani. Akainusa. Akaanza kucheka, si kwa ubaya. Akauliza nimefungia kwa gundi gani. Nikamwambia.

“Kila anayejenga hizi hufanya kosa hili mara moja,” akasema. “Mimi langu lilikuwa helikopta.”

Akanieleza. Supagluu ikiwa inakauka inatoa mvuke. Ukiufungia ndani mvuke hauna pa kwenda, unaganda juu ya plastiki angavu na kuifanya nyeupe. Mimi nilipaka nyingi, nikafunga tumbo, nikafunga na boksi kabisa. Mpira mara mbili.

Nikamuuliza kama thina haiwezi kufanya vile. Akasema hapana, thina ingeyeyusha, tungeona alama za vidole.

Maneno yale yale. Ya Jenereta.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia Jenereta. Sikumhurumia. Nilikasirika kwamba alikuwa sahihi. Nilikasirika kwamba mtu anayebandika kandambili kwa gundi ya ndege aliitazama kazi yangu nusu dakika akaielewa kuliko mimi. Huruma haijaja. Hesabu ilinishinda kipindi kizima.

Mwalimu wa hesabu aliuliza kama naumwa. Nikasema ni joto.


Ijumaa, 13 Juni

Sikumwamini mwalimu. Au nilitaka kutomwamini. Jana nilichukua kipande cha dirisha dogo la ziada, nikakitia kwenye kopo tupu la jemu pamoja na supagluu, nikafunika. Asubuhi hii kilikuwa cheupe.

Maonyesho yamekwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Mzazi mmoja alikaa sana mbele ya meza yangu. Akasema ametazama ndege nyingi, lakini huu ukungu wa bahari kwenye madirisha, nimeutengenezaje? Nikamwambia kwa gundi. Ulikuwa ukweli wangu wa kwanza wiki nzima na nilimpa mtu nisiyemjua.

Nimerudi nyumbani nimeshaamua kusema ukweli. Mama alikuwa anapiga pasi mashati ya Jenereta. Anayakunja madogo madogo, kama ya mtoto. Nikasema Mama. Akasema sema. Nikamuuliza kama amebakiza maji ya moto.

Mimi ni mwoga. Nimeandika. Liwepo.


Jumamosi, 14 Juni

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Saa mbili Baba alikuwa mezani anakunywa chai. Nikaweka kopo la jemu mbele yake. Nikamweleza gundi, mvuke, kila kitu, kwa sauti ambayo mwalimu wa lugha angeipenda. Kisha nikasema lile lingine. Kwamba sikumwona mtu akishika boksi. Kwamba nilidanganya.

Baba hakulishika kopo. Akakoroga chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kofi hata. Akasema taratibu, “Binti yangu, huyu nilimchoka kabla ya ndege yako. Nilikuwa nakosa la kumwambia mama yako tu.”

Nikasema, lakini uliniuliza kama nilimwona.

“Na wewe ukanijibu. Nashukuru.”

Nashukuru! Alitamka hivyo, kama nimempitishia sukari.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Alisikia yote, mwanzo mpaka mwisho. Baba alipogeuka akamwona, ndipo kijiko kikasimama.

Nikatoka nje. Jenereta alikuwa kizingitini anafunga kamba za viatu, begi pembeni. Nikamwambia nilidanganya kuhusu boksi.

“Najua,” akasema. “Nilikuwepo.”

Nikasema sikukusudia afukuzwe.

“Ulikusudia, Profesa. Usiongeze uongo wa pili, basi lenyewe linaondoka saa nne.”

Hakusema kwa ukali. Alivuta kamba, akapiga fundo, akahamia kiatu cha pili. Alikuwa sahihi tena. Nilimchukia kwa hilo, namchukia sasa hivi ninapoandika, sioni kama itaisha leo.

Ndani Mama alikuwa ameanza kusema. Siyo kelele. Sauti ya chini, ile ambayo haina nafasi ya mtu kuingilia. Nilimsikia akimwambia Baba kwamba amemtumia mtoto. Baba akasema mambo yameshapangwa, kaka yako anamsubiri, tiketi ipo. Mama akasema tiketi haina miguu. Baba akatoka, ufunguo wa gari mkononi, akamwambia Jenereta twende, wataongea njiani. Jenereta akainuka, akajipangusa suruali.

Mimi nikalishika begi kabla yake. Ni zito, lina vyuma sijui vya nini, na linanuka karakana nzima. Nikaliburuta juu ya kizingiti, nikapita nalo katikati ya Mama na meza, nikalifikisha mahali palipokuwa na godoro. Nikalikalia.

Baba amekuja kusimama mbele yangu. Ameniambia niinuke. Sikuinuka. Ameniambia mara ya pili, kwa jina langu lote. Daftari lilikuwa mfukoni mwa sketi, nikalitoa, maana nilitaka mikono ifanye kitu.

Jenereta anachungulia mlangoni. Ananiambia nitoke juu ya begi lake, kuna chupa ya rangi ndani, nitaivunja. Mama anamwambia Baba aketi. Baba hajaketi. Saa ya ukutani ni tatu na dakika ishirini.

Nimesogea kidogo upande ambao hauna chupa. Nimekaa.