Udongo Adimu Bandani

Jumatatu, 3 Machi

Chakula kimebaki tena. Kuku wamekichambua, wameacha. Nimelizunguka banda asubuhi nzima bila faida. Georgette amenifukuza: «Tata, toka kwanza. Unabaogopesha.» Binti yangu hakukosea. Nilikwenda barabarani, nikarudi, nikaanza kuzunguka tena.

Huenda ni mvua. Huenda ni ule unga mweupe wa kopo ambao Georgette aliletewa na muuza dawa za mifugo, uchanganywe kwenye chakula chao. Ni lanthani na seri, madini ambayo Wafaransa huyaita terres rares, nami hupenda kuyaita udongo adimu. Nimesoma juu yake. Huko China wamewapa nguruwe na kuku kwa miaka mingi, chembe ndogo mno, iliyotayarishwa kama chumvi, ili wakue upesi. Kwingine wataalamu bado wanabishana. Sikumkataza. Mwanzoni kuku walitaga vizuri kweli. Kama ni unga au ni mkono wake, sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Maganda ya mayai yamekuwa laini. Kinyesi ni cha kijani. Nina hofu.

Hofu yenyewe ni hii: tangu shimo la madini lilipomfukia mumewe, Georgette alikuwa akiosha mawe ya shaba mtoni, maji mpaka magotini, mtoto mgongoni. Kuku hawa ndio waliomtoa mle. Wakifa, atarudi mtoni. Hajasema. Hana haja ya kusema.

Jirani yetu Kaomba alikuja kucheza dama. Yeye ni wa Moba, kule kwenye ziwa Tanganyika, kama mimi. Vita vilevile vilitutoa, na hapa Kolwezi sina mwingine wa kuzungumza naye Kitabwa, lugha yetu. Anachekecha madini kwenye depo moja ya wanunuzi, na kwa sababu mabega yake bado yana nguvu, Georgette amemwachia kazi ya kuchanganya chakula cha kuku. Siku kopo lilipokuja, alitucheka sana: «Shiye tunalala juu ya madini, na weye Georgette unatafuta madini mu kopo!»

Leo nilimweleza habari ya kinyesi. Hakucheka. Akasogeza kete yake vibaya, akaaga.

Jumapili, 9 Machi

Georgette alichinja kuku mmoja. Firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu kule ziwani, ndivyo ilivyokuwa hata kambini wakati wa vita, tulipompata kuku kwa nadra. Kwa hiyo Georgette huisafisha kwa uangalifu kuliko nyama yote.

Aliniita kwa sauti ya chini. Ile ngozi ya ndani, ambayo hutoka nzima kama mfuko, ilikuwa imepasuka na kuoza. Katikati yake, changarawe ndogo za kijani. Hapa hata mtoto wa shule ya chekechea anaijua rangi hiyo. Ni shaba.

Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila nyama.

Kuku huokota chochote, najua. Lakini hawa hawatoki bandani. Nilikwenda kulitazama kopo. Tupu, na vumbi limekauka ndani. Georgette alidhani bado liko nusu.

Najua nani anachanganya. Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Lazima niliandike hapa, maana ni kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemuuliza Kaomba. Hakuficha kitu. Kopo lilipoisha hakutaka kumsumbua Georgette, basi akafagia vumbi chini ya chekecheo la depo, akalipitisha kwenye chujio la unga la mkewe, akalitia. Kwa ukarimu. Palipotakiwa chembe, yeye alitia gao, kiganja kizima. Watu wanavuka bahari kulifuata jiwe hili, alisema, kuku watakosaje kupata faida ndani yake?

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba jiwe si jiwe tu, kwamba hata lile la kopo hupimwa kama dawa, kwamba shaba nyingi huchoma tumbo. Niliongea kama mwalimu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kitabwa: «Na watu waliokula mayai?»

Yeye pia amekula. Sote tumekula.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Georgette. Akaendelea kukunja nguo.

Daktari wa mifugo alikuja mchana. Kwa chakula safi baadhi watapona, alisema, lakini nyama na mayai yao hatayatetea mbele ya mtu.

Kisha, kabla hata hajafika mbali, akaja mama mmoja wa soko la Manika, akitaka kuku wote. Kwa nje wanaonekana wazima, manyoya yanang'aa. Georgette alisimama mlangoni. Nilikuwa nyuma yake na nilitamani akubali. Niliuona mto.

«Hapana, mama. Bako bagonjwa.»

«Kiisha? Nani atajua?»

«Miye njo niko najua.»

Yule mama alicheka. «Basi ukule wewe na ile roho yako safi.» Akaenda zake.

Usiku sikusoma. Herufi zilikuwa zinahama.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imekatika. Kaomba alikuja asubuhi na beleshi, akachimba shimo nyuma ya nyumba peke yake. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Georgette aliwachinja kuku mwenyewe, mmoja mmoja, bila haraka. Chokaa juu, kisha udongo. Kaomba akaushindilia kwa miguu.

Georgette alimletea maji kwa glasi. Akanywa akiwa amesimama. Banda lilikuwa wazi, upepo ukipita.

«Tata Kaomba, udongo wa mu banda nao utoke. Sitaki batoto ba kuku bapya baukule.»

Kaomba alitazama chini. «Nitakuya kesho.»

«Ukuye mapema.»

Aliliegemeza beleshi kwenye ukuta wetu, akaenda kwake bila kulichukua.