Kikombe Kilichobaki na Rangi ya Jivu

Mama Kinoti,

Habari ya huko. Ni mimi Mama Ekiru, yule wa vikapu, meza inayopakana na yako ya ndizi. Usiseme umenisahau mapema hivyo. Anayeandika ni Karimi wako, kwa sababu mimi na kalamu unajua hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike vile nasema, asininyoshee maneno. Tayari ameanza kunyosha, namwona.

Kwanza habari ya soko. Kaunti imemaliza kuweka mabati upande wetu. Jua halitupati tena ile ya kutupiga utosini, linachungulia tu kwa pembeni jioni. Wewe si ulikuwa unaambia kila mtu hiyo mabati itafika wewe ukiwa ndani ya mchanga, halafu unacheka mwenyewe. Imefika. Siku ile mafundi walipanda juu na nyundo mimi nilikukasirikia, Mama Kinoti, nikahamisha vikapu nikakaa nje kwa jua mpaka Mama Halima wa maziwa ya ngamia akanivuta na mkono, akaniambia, "Ingia ndani, wewe mama, kwani unagomea kivuli?" Magoti yanamsumbua huyo. Anakusalimia sana. Mifereji pia wameweka, lakini maji inakuja ikitaka. Mvua ilinyesha vizuri, hata upande wa Merti wanasema kuna majani, maziwa imejaa soko. Ungekuwepo ungekunywa chai nyeupe mpaka ushindwe.

Meza yako iko na Karimi. Anauza ndizi kama wewe, lakini haongei na watu. Mtu anakuja, anachagua, analipa, anaenda. Hata "ongeza moja ya mtoto" hasemi. Ndizi zenyewe zinakaa kama zimefiwa. Karimi, andika hiyo, usiruke. Mimi sikuchongei, namwambia mama yako ukweli.

Sasa niingie kwa maneno yaliyonifanya niitishe karatasi. Ni ile gemu yako.

Kama kuna mtu mwingine huko anasikiliza, mwelezee. Wakati ule mguu ulikushika, ukawa hutembei, Karimi alikuwekea kwa simu ile gemu ya shamba, ya kupanda na kumwagilia na kuvuna kwa kidole. Alidhani utacheza wiki moja uchoke. Wewe ukaingia kabisa. Halafu ukamsumbua mtoto wa watu aniwekee mimi pia kwa simu yangu, ili tuwe majirani huko ndani kama vile tuko majirani hapa nje, shamba lako na langu, ua katikati. Wamama wazima. Watu walikuwa wanapita wakidhani tunaangalia picha za harusi.

Wewe ulilima. Si wewe ni Mmeru, ukiona udongo mkono unawasha. Mahindi, maharagwe, migomba mistari mistari mpaka nikakuambia hapo ndani hakuna mahali kuku anaweza kupita. Na kila ukivuna kitu cha maana, simu inalia ting, kikombe kinatokea, kile cha mshindi. Kikombe cha ndizi. Kikombe cha kisima. Kikombe cha kutolala na njaa, sijui. Vinakaa kwa ukurasa wao, vile hujapata viko na rangi ya jivu, ukipata kinageuka dhahabu. Na ukipata, ni nani hakuonyeshwa? Mama Halima ulimwonyesha. Pasta alikuja kununua ndizi ukamwonyesha kwanza ndio ukampimia. Yule wa bodaboda alikuambia, "Shosho, hongera, sasa hicho kikombe utanywea wapi?" ukamfukuza na gunzi.

Mimi sikulima. Nilikataa kutoka siku ya kwanza. Shamba langu lote niliacha majani, nikaweka ng'ombe. Gemu yenyewe ilikuwa inanililia, inanionyesha jembe, jembe, jembe, mimi naondoa na kidole. Nilikuwa nafungua tu kuangalia vile zinakula. Ile nyeupe nikaiita Nakwang. Ile nyeusi ya paji jeupe pia nikaiita jina la ile ya baba, na ile ya madoadoa, na ndama. Wewe unajua ni ng'ombe gani. Ni wewe peke yako hapa soko nilikuambia vile kiangazi ilizimaliza moja moja tukiwa njiani tukija Isiolo na miguu, mimi nikiwa msichana, na vile Nakwang alikuwa wa mwisho. Sitarudia, Karimi asije akalowanisha karatasi.

Basi tukawa tunabishana. Wewe ulikuwa unasema, "Mama Ekiru, gemu bila kikombe ni nini? Utajuaje umefika?" Na mimi nakuambia, "Kufika wapi? Mimi niko hapa." Unasema, "Utamu wa kazi ni mtu aseme umefanya." Nasema ng'ombe haili vizuri zaidi kwa sababu mtu amepiga makofi. Nilikuambia hizo vikombe zinakuharibia, kwa sababu nilikuona siku moja umepanda vitunguu na hata hupendi vitunguu, ati kuna kikombe cha vitunguu. Ulikasirika. Ulikunywa chai yako ukiangalia upande wa barabara.

Halafu ukarudi kuniangalia, ukasema ile kitu sijawahi kusahau. Ulisema, "Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tatu, nikalee mtoto. Siku ya zawadi nilikuwa nasimama nje ya ua nikiwa na huyo mtoto mgongoni, nasikia majina ya wengine. Hii simu inaniita mbele." Ukafuta kioo na leso. "Inaniita mbele kila siku, Mama Ekiru."

Nikakuongezea chai. Lakini pia sikulima, wewe unanijua.

Nikuambie kitu kingine kabla nisahau, hii kichwa siku hizi inavuja. Hiyo ting yako mimi niliizoea. Nikiwa nimeinama kwa vikapu sikuangalii, nasikia ting, najua Mama Kinoti yuko, amepata kitu. Mama Halima anasema ngamia wa mbele anafungwa kengele ya mti shingoni. Kengele haiongezi maziwa hata tone. Lakini mwenye ngamia akiwa mbali, amekaa chini ya mti, anasikia, na roho inatulia. Alisema hivyo tu akipima maziwa, hakujua amenipa kitu ya kufikiria mwezi mzima.

Sasa ukaenda. Na simu ikabaki na Karimi, na hiyo gemu haijui kama kuna mtu anaweza kwenda. Kila asubuhi inalia. Mahindi inataka maji. Migomba imeiva. Njoo, njoo. Inaita mtu hayuko. Karimi alivumilia, halafu siku moja akaja kwa meza yangu macho mekundu, akasema, "Mama Ekiru, Jumamosi naifuta. Siwezi tena kuisikia ikimwita." Kufuta, yaani shamba lako lote, migomba, kisima, na ile ukurasa ya vikombe.

Sikumkatalia, ni mama yake. Lakini niliomba kitu kimoja. Nilimwambia, "Fungua nione hizo vikombe kwanza." Akafungua. Mama Kinoti, zilikuwa zinang'aa kama sufuria za mgeni. Dhahabu tupu. Isipokuwa moja tu, chini kabisa pembeni, rangi ya jivu.

Mimi, mimi niliyekuwa nakucheka, nikasema, "Hicho kimoja tumtafutie, halafu ufute. Asiondoke na pengo." Karimi akasoma vile kinapatikana. Akanitazama. Nikamwambia soma na sauti. Akasoma. Ni kikombe cha majirani wawili. Wewe umemaliza sehemu yako. Kilichobaki ni jirani alime shamba lake lote, asibakishe majani.

Jirani ni mimi.

Sasa nieleze wewe. Miaka yote hiyo tuko bega kwa bega. Wewe unaomba chumvi bila haya, uliwahi kuniomba viatu vyangu nikiwa nimevaa, ukaenda navyo kanisani. Na hujaniomba hiyo. Hujasema hata kwa mzaha, "Mama Ekiru, lima hapo kidogo nipate kikombe." Hata ile siku ya vitunguu tukigombana. Ilikuwa hapo kwa mkono yako na ukanyamaza.

Niliitoa simu yangu. Nilimwambia Karimi anionyeshe hilo jembe liko wapi. Nilikuwa nimeamua, usidhani nakuambia hivi kukupendeza. Nikaweka kidole karibu. Nikamuuliza tu, "Nikilima, ng'ombe zitaenda wapi?" Akasema, "Zinauzwa zenyewe, Mama." Nikaangalia Nakwang. Alikuwa ameinamisha kichwa anakula, na mkia wake ule. Nikasema basi, ni picha. Ng'ombe ya kweli ilikufa zamani, hii ni picha, na rafiki yangu alikuwa mtu.

Karimi akanishika mkono. Akasema, "Ngoja. Mimi niliwahi kumuuliza Mama juu ya hiki. Nilimwambia nikusaidie kumwambia Mama Ekiru alime? Akakataa. Alisema, 'Hicho wacha kikae hivyo. Hapo ni nyumbani kwa mtu.'"

Sasa hapo nililia, na mimi si wa kulia soko. Karimi pia. Mteja wa ndizi alikuja, akatuangalia, akajihudumia, akaacha pesa kwa meza.

Kwa hivyo wewe uliyependa kuitwa mbele, uliacha hicho kimoja. Mimi nilikuwa nadhani unacheza kwa sababu ya vikombe, na kumbe ulikuwa unajua ni kikombe gani hakistahili kutafutwa. Nimefikiria sana. Nimeona kila mtu ako na vile anacheza. Wewe bila ting, hiyo gemu ingekuwa kulima tu, na kulima umelima maisha yako yote na hakuna aliyekupigia makofi. Ilikuwa haki yako ilie. Mimi ikilia, ng'ombe zinashtuka. Na hakuna aliyekosea.

Jembe nikaliondoa na kidole, kama siku zote.

Lakini siwezi kukaa na deni la moyo hivyo, si unanijua. Kwa hivyo siku iliyofuata nilifanya kitu. Pale kwa ua, upande wangu, kuna kajia kembamba ng'ombe hazifiki. Nikamwambia Karimi, "Nionyeshe kupanda mgomba." Akanifundisha, mimi nabonyeza hapa, nabonyeza pale, mara nimefungua mlango wa kuku. Mwishowe nikapanda. Mstari mmoja tu wa migomba, ikiangalia kwako. Haitoshi hicho kikombe chako, najua, majani yamebaki. Haikuwa ya kikombe.

Na simu yangu ikalia ting.

Nilidhani nimeharibu. Karimi akachukua akaangalia, na akaanza kucheka, Mama Kinoti. Mtoto ambaye tangu tukuzike hajaonyesha meno, alicheka mpaka akashika meza, akasema kwa sauti yako kabisa, "Mama Ekiru, umeitwa mbele." Ni kikombe. Ati cha mtu kupanda mche wake wa kwanza. Kadogo, hata si ya dhahabu kabisa. Mama Halima akauliza kuna nini, Karimi akamwonyesha. Akamwonyesha wa bodaboda. Akamwonyesha mwanamke alikuja kununua ndizi, na wakaongea, na akamwongezea moja ya mtoto.

Nimeonja, basi. Iko na utamu kidogo. Usicheke. Nimemwambia Karimi aandike "kidogo", na ameandika, nimemfanya anisomee.

Jumamosi ilifika ikapita. Hakufuta. Nilimuuliza mbona, akasema migomba yako ilikuwa imeiva, ingeoza. Sasa anamwagilia asubuhi kabla ya kupanga meza, na simu ikilia mimi nasikia nikiwa nimeinama kwa vikapu, na roho inatulia.

Mama Kinoti, karatasi inaisha na Karimi mkono umemuuma. Tutaipeleka huko juu kwenu tukienda kupalilia kaburi, tuiweke chini ya lile jiwe la kichwani. Nakuahidi hii: hiyo migomba ya ua nitaimwagilia mimi mwenyewe, na Karimi sitamwacha anyamaze hapa kwa meza, hata ikibidi nimchokoze kila siku. Na hicho kikombe chako cha jivu hakuna mtu atakigusa. Nikikiona kwa huo ukurasa, katikati ya dhahabu yote, najua hicho ni changu.

Pumzika, rafiki yangu. Nakwang anakula. Amefika karibu na ua, anaangalia ndizi zako, na nimemwambia asithubutu.

Ni mimi jirani yako,
Mama Ekiru