Haukuwa Mgongo, Dada

Dada yangu Mbeleje,

Shikamoo huko uliko. Najua ungecheka: nani anamwandikia barua mtu asiyejua kusoma, tena aliyelala kaburini Ihumwa misimu mitatu ya uwele sasa? Lakini wewe ndiye uliyenishikisha kalamu, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichuma mlenda nyuma ya tembe la baba? Nilikuwa nimetoroka shule ya wamisheni kwa sababu mwalimu alinichapa kwa kusema Kigogo darasani. Ukaninyang'anya kikapu. "Rudi," ukasema. "Hawa wenye reli hawaondoki leo wala kesho. Jifunze Kiswahili, siku moja utatusemea." Nikarudi huku nimenuna. Mkono wako ulikuwa mzito, dada, niliuogopa kuliko fimbo ya mwalimu.

Siku ya kukusemea ilikuja asubuhi moja ya kiangazi. Mumeo alikuwa mbali magharibi, akibeba mataruma ya reli, kwa hiyo baba mkwe wako ndiye aliyekupandisha punda akakuleta Dodoma, nami nikafuata kwa miguu. Ulikuwa na mimba ya miezi mitatu na damu ilikuwa inakutoka tangu jana yake. Mkunga wetu alikuwa ameinua mikono. Ulipoliona boma la Wajerumani ukashuka, ukakataa kuingia juu ya mnyama. "Nitaonekana mzigo," ukaniambia. Ukafunga kaniki yako vizuri, ukatembea umenyooka hadi barazani kwa daktari, yule tuliyemwita bwana mganga.

Mjerumani yule alikaa kwenye kiti chake, mkalimani wa pwani amesimama kando katika kanzu yake nyeupe. Baba mkwe wako alisimama nyuma yetu, kofia mkononi. Nikakuuliza kwa lugha yetu niseme nini. Ukanijibu kama ulivyofundishwa na mama, naye mama alivyofundishwa na bibi: "Mwambie mgongo unanikatika."

Nani asiyejua kwetu? Mbele ya mkwe, tumbo la uzazi halina jina, tunaliita mgongo. Mwanamke akisema mgongo unamkatika, wenzake wanabandika maji na kumkimbilia mkunga. Nami, msomi wako, uliyenipeleka shule kwa mabavu, nikafungua mdomo nikasema kwa Kiswahili safi: "Mgongo unamkatika."

Mkalimani akalipeleka neno hilo kwa Kijerumani. Bwana mganga hata hakuinuka. Akasema jambo, wote wawili wakacheka, kisha mkalimani akatuambia, "Anasema kila mwanamke wa huku anaumwa mgongo siku ya kulima." Tukapewa kichupa cha mafuta ya kuchua yenye harufu ya kafuri.

Ukanitazama. Mpaka leo naliona lile jicho.

Baba mkwe wako alipotoka kumfungua punda, nikarudi mbio kwa mkalimani. Nikayasema yote waziwazi, mimba, damu, miezi mitatu, mpaka masikio yangu yakawaka moto kwa aibu. Akanipima kwa macho. "Mwanzo mgongo, sasa mimba. Mbona mnageuka kama vinyonga? Mficha uchi hazai, dada." Nikamsihi. Akamwambia bwana mganga maneno mawili matatu, naye akajibu bila kututazama. "Anasema mwanamke aliyeingia hapa kwa miguu yake, amenyooka vile, hana haraka hiyo. Achuliwe, apumzike."

Umenyooka vile! Dada, kwa nini hukuanguka tu pale mlangoni? Nisamehe, nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Halafu ndipo bwana mganga akatoka barazani kunyoosha miguu, akamwona punda. Punda alikuwa na kidonda mgongoni. Yule mzungu akainama, akakishika kwa mikono yake yote miwili, akaagiza maji na dawa, akakiosha yeye mwenyewe taratibu. Kisha akaamuru kwa ukali kwamba mnyama yule asipandwe wala asibebeshwe kitu mpaka apone. Askari alikuwa pale anasikia. Baba mkwe wako angefanya nini? Akaitikia, akashika kamba. Tukarudi Ihumwa kwa miguu, punda mbele hana mzigo, wewe nyuma umeniegemea.

Ulijikongoja hadi lile korongo la mchanga, jua likiwa bado juu. Ukasema, "Nikalishe kidogo." Nikakukalisha. Nikakichukua kile kichupa, nikakuchua mgongo, dada, kwa sababu sikuwa na kingine cha kukufanyia. Nilichua mpaka mikono ikafa ganzi, na wewe ulikuwa umekwisha kwenda.

Tangu hapo wanawake wanapokwenda bomani wananiita mimi niwasemee. Sisemi tena mgongo. Nasema mimba, nasema damu, hata baba mkwe awe amesimama ubavuni pangu, na wazee wananiita mwanamke asiye na haya. Sawa. Nilijiambia kwamba neno langu lililofunikwa ndilo lililokuua, kwa hiyo nikilifunua hatakufa mwingine.

Juzi nilimpeleka mke wa jirani yetu, mja mzito anayetokwa na damu kama wewe. Tulimwingiza amebebwa, nikasema kila kitu kwa jina lake. Mkalimani ni mwingine, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Bwana mganga naye ni mwingine. Akajibu kwamba leo ni zamu ya watu wa reli, mama huyo arudi kesho. Nikarudia kusema. Nikapiga magoti. Askari akatuonyesha njia. Hiyo kesho haikumkuta hai.

Basi sijui tena, dada. Uliniambia nijifunze ili wasikie. Nimejifunza, nimeacha hata haya, na bado mlango ni uleule. Kile kichupa ninacho, kimebaki mafuta kidogo chini. Jana mama aliniuliza kwa nini sikitupi. Nikakirudisha tu mahali pake, mimi niliyesomeshwa kusema.

Lala, dada. Usiniinulie ule mkono wako mzito kama nitashindwa tena.

Mimi mdogo wako, uliyenituma nikakusemee.