Maombi Yamepokelewa

Al Mansoura, Doha
Alhamisi, alasiri

Kwa Nyanya,

Sikupata nafasi ya chuo kule Uswidi. Walinikataa wiki tatu zilizopita, na wewe ndiwe mtu wa kwanza kuambiwa. Mama hajui. Baba hajui. Kanisani ndio hawajui kabisa, na kesho wananiombea safari njema.

Najua barua haianzi hivi. Ungekuwa hapa na kalamu yako nyekundu ungeandika pembeni, "Salamu ziko wapi, Wakesho?" Basi hizi hapa, zimechelewa lakini ni za kweli. Mke mwenzangu, u hali gani tangu Babu atuache wajane sote wawili? Goti limepoa, au bado linakutabiria mvua? Ukungu wa Wundanyi naukumbuka sana. Hapa upepo ukivuma ni kama mtu amekufungulia tanuri usoni. Sisi ni wazima wa mwili. Baba bado anaendesha basi la hoteli pale West Bay, na Mama ni msimamizi wa vyumba hoteli hiyohiyo. Naandika kwa karatasi kwa sababu herufi za simu ni ndogo kwa macho yako, ujumbe unasomewa na Mghoi, na Mghoi hajawahi kuwa na siri. Kaka Barasa, yule askari wa lango tunayesali naye, anaruka Jumamosi kwenda likizo. Ameahidi kukutilia barua hii mkononi.

Sasa nikueleze. Nyanya, sikulaumu, lakini kosa lilitokana na Kiswahili chako.

Ulinilea hadi darasa la tano na ulinikataza kuchanganya lugha. "Ukianza na Kiswahili, malizia na Kiswahili." Huku shuleni nasoma kila kitu kwa Kiingereza, ila nyumbani bado nakutii. Mwanzoni mwa mwaka nilituma karatasi zangu kwa kile chuo. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe, ile inayojituma yenyewe, kusema tu kwamba zimefika. Mama alikuwa anavua viatu mlangoni. Akauliza, "Wamesemaje?" Mtu yeyote hapa Doha angesema "application" na mambo yangeishia hapo. Mimi, mjukuu wa mwalimu, nikajibu, "Maombi yangu yamepokelewa."

Mama alirusha kiatu. Kweli, kimoja kilifika jikoni. "Haleluya! Baba Wakesho, njoo usikie! Maombi yamepokelewa! Mungu amejibu!" Akanikumbatia huku analia, ananukia sabuni ya shuka za hoteli. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sekunde tano hivi za kumwambia. Nikaufunga. Unanijua. Ni wewe uliyesema mimi hata nikikanyagwa nitaomba radhi.

Ijumaa, maana hapa ibada ni Ijumaa, Mama akasimama akatangaza kwa maneno yaleyale. Watu wakapiga makofi hadi kiti kikaanguka, kwa kuwa kanisani neno hilo lina maana moja tu. Keki ikakatwa. Baba akawaambia madereva wenzake. Mama akaniletea koti zito ambalo mgeni mmoja alilisahau chumbani, asilirudie, na hoteli ikamruhusu alichukue. Mpaka sasa linaning'inia nyuma ya mlango wangu na manukato ya mtu nisiyemjua. Nilipotaja kwamba niombe na vyuo vya hapahapa, Mama alicheka. "Umeshajibiwa, halafu urudi kuomba tena? Si ni kumwonyesha Mungu kwamba humwamini?" Tarehe za mwisho za kuomba vyuo hivyo zikapita zote. Hilo ndilo linalonila, Nyanya, kuliko keki.

Labda utauliza huko Uswidi nilitaka nini. Nilitaka kuwa kama Neema, binti wa jirani yetu wa ghorofa ya chini. Alipoondoka kwenda kusoma huko alikuwa mnyamavu kama mimi. Kwenye kwaya tulisimama mstari wa nyuma, nyuma ya Mama Shadrack aliye mpana, ili tusionekane. Baada ya miaka miwili akaja likizo. Tukiwa mezani kwao, baba yake akasema uhandisi si kazi ya wasichana. Neema akasema kwa upole, "Baba, hapo sikubaliani na wewe." Akaeleza kwa nini. Kisha akamwongezea chai. Hakuna aliyekufa.

"Na walimu wa huko mnawajibu hivyohivyo?" baba yake akauliza.

"Wenyewe ndio wanataka. Wangu nabishana naye kila wiki. Namwita Lars."

"Lars tu? Kama unaita paka?"

Tulicheka wote, hata yule mzee.

Tukiosha vyombo, Neema aliniambia yaliyobaki. Huko hakuna wa kukuamsha wala wa kukuuliza umekula. Alijifunza kupika kwa kuunguza. Alijifunza kutembea peke yake msituni kwenye theluji. Kazi za darasa hufanywa kwa vikundi, na kila mmoja lazima atoe lake, hata kama linatetemeka. Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwake, na alilia sana. "Ila nilipochoka kulia," alisema, "nikasikia nina sauti. Kumbe ninayo."

Hicho ndicho nilichokitaka. Cheti kingekuja nyuma.

Basi, chuo kikaomba kuzungumza nami kwa video. Mama akaelewa kwamba wanataka kuniona uso tu, kama posa iliyokwisha kukubaliwa. Akaketi kitandani kwangu, nje ya kamera, na sare yake ya kazi. Mwalimu alikuwa mama mwenye mvi. Akasema, "Niite Ingrid." Nyanya, nilishindwa. Mazungumzo yote sikumwita chochote. Nilikuwa nimekariri kila kitu ambacho wanafunzi hupata huko, kujitegemea, kufikiri, kusema, nikakitiririsha kama zaburi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali dogo: "Nisimulie siku ambayo mwalimu au mzazi wako alikosea, nawe ukamwambia."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kitandani kwangu, hatua moja kutoka nilipokuwa, linatabasamu.

Nikasema, "Haijatokea."

"Hata mara moja?"

Mama alitikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba ameulizwa yeye.

"Hata mara moja," nikasema.

Ingrid hakunicheka. Aliandika kitu, akanishukuru kwa jina langu. Mama naye akanishika mashavu. "Umemjibu vizuri. Wameona umelelewa."

Barua ya kukataliwa niliisoma chooni, bomba likiwa wazi. Kwa adabu kubwa walisema hawakuniona tayari kwa masomo ya namna yao. Tangu hapo naishi kama mwizi ndani ya nyumba yetu. Hapa kwetu hakuna hodi, mlango ni wa wote, kwa hiyo Mama akiingia nafunika ninachoandika kwa kitabu cha kemia. Barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeichana. Asubuhi nakumbuka kabla sijafumbua macho. Chakula nakitafuna tu. Mama akikutana na watu kwenye ngazi ananiita "mwanangu wa Uswidi", nao wananipa mkono, nami naupokea.

Kesho mchungaji ataniita mbele nivae lile koti, waniwekee mikono. Kwa joto hili. Siwezi, Nyanya. Siwezi kusimama ndani ya koti la mtu nikiombewa safari isiyokuwapo. Lakini hata nikisema, sioni mbele kuna nini. Shule inakaribia kuisha. Chuo sina. Na uso wa Mama nikishaubomoa, sijui kama nitaweza kuujenga tena. Labda nije kwako nikamue ng'ombe. Utanipokea? Hata neno hilo nimeanza kuliogopa.

Nisalimie Mjomba Mwadime anayekuchungia ng'ombe, na Shangazi Mkawasi wa zahanati. Mghoi, msomaji wako wa simu, mwambie hii hakuisoma yeye, na ajue sababu.

Nasikia viatu vya Mama kwenye korido. Leo alikuwa na zamu ya asubuhi, na akichoka huburuta mguu wa kushoto, ndivyo ninavyomjua. Kitabu cha kemia kilikuwa hapa kando ya mkono wangu. Nimekisukuma chini ya kitanda hadi ukutani, nisiweze kukifikia. Ukurasa wa kwanza nimeuweka juu. Kiswahili anakisoma vizuri, ulimfundisha wewe mwenyewe, na mstari wa kwanza hauna salamu za kumchelewesha.

Barua hii ikikufikia, ujue ameisoma kabla yako.

Mke mwenzako,
Wakesho