Nimemficha Mjukuu Wangu Miguu

Mshauri Sarojamma wangu, nisaidie jamani, mimi nakusikiliza redioni kila asubuhi hapa Bengaluru nikichambua dengu, na anayeniandikia ni Kusuma mpishi wetu, Kusuma usirembe, andika ninavyosema. Mjukuu wangu Vasudha, niliyemlea mwenyewe, kampuni yao ya kompyuta inataka kumfanya mkuu, aanze Jumatatu, na kwetu mtoto haanzi kazi kabla hajagusa miguu ya bibi yake akabarikiwa, sasa mimi wiki nzima nimeificha chini ya blanketi, namwambia inauma, na joto hili!

Si kwamba simtakii mema. Naogopa. Juzi tunakula idli zetu za mchele, kaiambia ile akili ya kwenye kompyuta, kwa Kikannada chetu hiki hiki, nitengenezee programu ya wauza maua wajue wapi kuna harusi, na chatini yangu sijaimaliza, kitu kile hapo, kina rangi, kinaongea! Mama wee! Nikaunganisha viganja nikaiinamia kama niko hekaluni. Zamani kazi hiyo Vasudha na wenzake wa kazini walikaa nayo msimu mzima wa mvua, huyu anachora, huyu anaandika, huyu anawauliza wateja, na wote walikuja kula hapa, hasa Shivu, yule mbishi, hata chumvi yangu aliibishia.

"Siku hizi mtu mmoja anafanya yote, Bibi," Vasudha anasema. "Nikiajiri sitazami cheti, namkalisha mtu na mashine nione anaiuliza nini."

"Na Shivu?"

"Sidhani nitabaki naye. Ananichosha. Mashine haibishi."

Na kweli haibishi, mshauri, kila alichosema iliitikia wazo zuri sana, adabu kuliko mkwe yeyote! Sasa mtoto wangu ataongoza nini, kitu kisichopumua? Nimpe miguu au nisimpe?

Bibi Gangamma

*

Mama yangu, kwanza toa hiyo miguu nje, itaiva bure. Mtoto anapanda cheo, wewe unajitia ugonjwa! Unadhani ukiificha Jumatatu haitafika? Mshangao wako naujua, hata mimi kitu hicho kimeniacha mdomo wazi, na bado sijaufunga.

Lakini umesema jambo kubwa ukalipita tu: haibishi. Na unasifu adabu! Mkuu anayeambiwa "wazo zuri" asubuhi hadi jioni atatumbukia shimoni akichekelea. Hao wauza maua, kuna aliyewauliza kama wanaitaka hiyo programu? Shivu angeuliza hilo kabla idli haijapoa.

Basi fanya hivi. Jumapili mwite Shivu aje kula, na chumvi izidishe makusudi. Vasudha atameza kimya kwa heshima yako. Shivu atasema. Akishasema tu, mgeukie mjukuu wako: "Mashine zako chukua zote, mwanangu, lakini huyu usimwache."

Akikubali, nyoosha miguu. Yote miwili.