Mashine ya Kuchorea na Mkono Wangu wa Kushoto

Miembeni, Ng'ambo,
Unguja.
11 Mei, 1970

Mpendwa Kaka Muhiddin,

Shikamoo. Barua yako ya kutoka Ujerumani imetufikia, na Mama kataka nimsomee tena na tena, utadhani namficha kitu. Vipi kifua chako na hiyo baridi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Jana kenda Darajani mwenyewe, karudi na changu wawili na hasira za muuza samaki.

Jirani yetu Mwanakhamis kajifungua mtoto wa kike. Kafanana na babake, maskini.

Sasa la mashine ya kuchorea. Uliniandikia nichague ile ya vyuma viwili vinavyokunjana kama kiwiko, yenye rula mwishoni. Bwana Mmanga, mkuu wetu wa karakana, aliazima moja tuijaribu kabla ya kuagiza, akaniachia mimi nichague. Kaka, ni nzuri kweli. Borafya, ninayechora naye vipuri vya pampu, alimaliza gia nzima asubuhi moja, akawa hashikiki kwa majivuno.

Lakini imetengenezwa kwa anayetumia kulia, na mimi mashoto unanijua. Kuandika nililazimishwa kutumia mkono wa kulia nikaweza. Kuchora sikuweza asilani. Kila nikivuta mstari, chuma kinanikinga macho, na wino mbichi naufuta kwa kiganja. Niliharibu karatasi mpaka nikaona haya. Pale kazini ikasemwa kwamba asiyeiweza mashine atahamishiwa kwenye taipu. Nililia, sikufichi.

Nikakusudia kunyamaza na kuichagua hiyo hiyo, kwa kuwa wewe umeisifu na Borafya anaitaka. Ndipo nikamweleza Mama. Unakumbuka alivyokuwa akinifunga mkono kwa upindo wa kanga, ili niache kuutumia? Safari hii kaushika, kanambia, "Mkono huu nliufunga mimi. Kesho nenda kaseme ni wako."

Nikaenda. Nikamwambia Bwana Mmanga nachagua ubao ule mwengine wa kuchorea, ambao rula yake inapanda na kushuka kwa nyaya za pembeni. Kupima pembe kunachelewa kidogo, lakini anautumia yeyote.

"Na Borafya je?" akaniuliza.

"Borafya atauweza, Bwana. Mimi ile ya vyuma siiwezi."

"Ungelisema mapema, mwanangu, karatasi zangu zikapona," akajibu, akatia saini. Borafya kaninunia tangu siku hiyo, lakini yeye nitamlainisha kwa sambusa. Na wewe usininunie, Kaka. Kazi hii naipenda, nami niliogopa sana kuikosa.

Msalimie Pandu, mwenzako wa chumbani. Mwambie kwao Makunduchi hawajambo. Mama na Shangazi Wanu wanakuombea dua kila sala. Mungu akurejeshe salama, na elimu yako, na nyama kidogo mwilini.

Mwandiko ukiuona umepinda, usishtuke. Ndiyo mara ya kwanza nakuandikia kwa mkono wangu.

Nduguyo akupendaye,
Biasha